Nilisema Oili Imeisha, Sasa Wanasema Nimeliloga Gari

Admin, naomba ufiche jina langu, maana ndugu wa mume wangu wengi wamo humu. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tunduma, nauza vitenge. Nina mabinti wawili na ndoa ambayo sijui kama bado ninayo.

Mume wangu, nimwite Baba Neema, anabeba abiria kwa gari dogo kati ya hapa na Chitete. Tulipooana alinifundisha kupima oili, na kazi hiyo nikaipenda kuliko alivyoipenda yeye mwenyewe. Kila asubuhi kabla gari halijawashwa nafungua boneti, nachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia, nakifuta kwa kipande cha kitenge, nakirudisha, nachomoa tena ndipo nasoma. Majirani walinitania eti fundi boneti. Yeye alikuwa anacheka na kujisifia mke wake. Jamani, tulipendana.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Isansa kukaa na sisi. Asubuhi moja nikakuta oili imemwagika chini ya gari, kumbe jana yake Baba Neema alikuwa amegonga jiwe njiani. Nikapima, kijiti kikatoka kikavu, ncha tu ndiyo imelowa. Nikaenda kumwambia oili imeisha, asiondoke, wakiwa na mama yake wanakunywa chai. Mama akauliza tangu lini mwanamke akampangia mwanaume safari. Mume wangu akanyanyuka akatoka nje.

Stata yetu ilikuwa mbovu, kwa hiyo gari huwa analisukuma hadi kwenye mteremko mbele ya nyumba ili liwake kwa kuserereka. Siku hiyo akapimia hapohapo, gari limeinamia mbele. Oili kidogo iliyobaki ikakimbilia upande wa kijiti, kikaonyesha ipo ya kutosha. Akaninyooshea kijiti mbele ya mama yake, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto kosa lake.

Nikamwambia, "Baba Neema, hapo ni mteremko, kinakudanganya. Ukiondoka hivyo injini itakufa njiani."

Akaondoka. Chitete hakufika. Injini ilinoki, ikafa kabisa porini, abiria wakashuka na mizigo yao, gari likarudi linavutwa. Fundi alisema wazi kwamba oili ilikuwa imeisha. Lakini mama mkwe alishasema lake, kwamba ni mdomo wangu ndio ulioliua gari, kwamba nilitamka na ikawa. Nilimgeukia mume wangu nikijua atanitetea. Akaniangalia kama mtu asiyenifahamu, akaniuliza, "Wewe ulijuaje?"

Swali hilo limeniumiza kuliko kama angenipiga. Nilijuaje? Si yeye aliyenifundisha? Nikaingia ndani nikalia.

Siku ya pili akafuatana na mama yake kwenda Isansa. Nikipiga simu hapokei. Juzi wamemtuma mshenga, yule yule mzee aliyeleta posa kwetu, kusema Jumapili kuna kikao cha ukoo. Natakiwa nipige magoti, nikiri mbele ya wote kwamba mdomo wangu ndio ulioharibu gari, nisamehewe, na mume wangu atarudi siku hiyohiyo. Mama yangu mzazi anasema nikubali, ndoa ni kuvumilia. Kaka yangu anasema nikienda huko nisimhesabu kuwa ndugu.

Bado nampenda, siwezi kudanganya. Ila nikikiri nimejiita mchawi kwa kinywa changu, na hilo jina haliishii kwangu, litawafuata wanangu mpaka wakiolewa. Nisipokiri nimepoteza mume kwa sababu ya kusema kweli.

Jana Neema alitoka shule, hata sare hakuvua, akasimama mlangoni akaniuliza, "Mama, ni kweli ukisema mtu atakufa, anakufa?" Nikamnyooshea mikono nimkumbatie. Mwanangu wa miaka tisa akarudi nyuma.

Nishaurini ndugu zangu. Jumapili niende nikapige magoti, au nibaki kwangu?