Ulimi wa Mama na Maji ya Mablanketi

Ninauza mablanketi ya mitumba hapa Singida mjini, yale ya manyoya laini, na kabla ya kuyapeleka sokoni huyafua nyumbani kwa Mama. Kwetu maji hayamwagwi ovyo. Ya mwisho ya kusuuzia ni ya kumwagilia mchicha wake, na hayapokei mpaka achovye kidole, alambe, ahakikishe hayana sabuni. Akikunja uso, unasuuza upya. Ulimi ule ndio fahari yake.

Likizo iliyopita alikuja mdogo wangu, mwalimu wa sayansi huko Kinampanda. Shikamoo haijakauka mdomoni, tayari anachuja maji yangu kwa leso nyeupe. Leso ikabaki na manyoya. Akatueleza kwamba mablanketi haya ni plastiki iliyosokotwa. Kila ukifua yanapukutisha vinyuzi visivyooza, vingine vidogo hata jicho halivioni. Vinabaki kwenye udongo, mvua inavisomba hadi ziwani, samaki wanavimeza.

"Nimeyaonja maji haya miaka yote," Mama akasema. "Sijaonja plastiki."

"Haina ladha, Mama."

Nilitamani kumziba mdogo wangu mdomo. Mama aliutazama mchicha wake kama mtu aliyeibiwa, na mwizi mwenyewe nimesimama pale na beseni. Niliona aibu kweli.

Wiki nzima hakuigusa bustani. Nikaanza kuogopa, maana bustani ile ndiyo inayomwamsha asubuhi. Siku ya nane nikamkuta anachuja maji kwa mtandio wangu mpya. Ikabidi nimwambie kwamba nao ni plastiki.

"Hivi wewe mtoto, unacho chochote kisicho plastiki?"

Tukapata kanga kuukuu ya pamba. Hainasi vyote, mdogo wangu alishatuonya, lakini inanasa. Manyoya Mama anayashindilia kwenye kopo la maziwa, kwa sababu ukiyatupa nje, upepo wa hapa unayarudisha ndani.

Juzi kopo lilijaa. Akalitua mbele yangu wakati wa chakula cha mchana.

"Haya, anza na hiki ulichokuwa unatulisha."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akavuta sufuria ya mchicha, akachota kidogo, akaonja taratibu huku amefumba macho. Ulimi hauwezi kuijua plastiki, na siku hizi analijua hilo vizuri kuliko mimi. Bado alionja yeye kwanza, ndipo akanipakulia.