Mvua Iliyowashusha Mbwigu Elerai

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuongoza wageni watazama ndege, Kiongozi Mkuu wetu hakuniuliza najua ndege wangapi. Aliuliza, "Usiku anga ilikuwaje huko kwenu?"

"Safi kabisa, Mzee. Nyota tele."

"Basi leo tutawaonyesha wageni kunguru."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Tulizunguka miteremko ya Meru mpaka jua likawa kali, na kweli hatukupata cha maana. Nimeishia darasa la saba, lakini alinieleza nikaelewa. Ndege wahamaji wengi wadogo husafiri usiku. Anga ikiwa safi na upepo ukiwasukuma kwa nyuma, wanapita juu yetu bila kutua. Mvua ikiwakuta njiani, au wingu likiufunika mlima, wanashuka popote, na asubuhi unawakuta vichakani wamelowa. Sisi tuliita mshuko. Kwa mwongozaji mshuko ni siku ya neema. Kwa ndege ni taabu, na Mkuu hakuturuhusu kuwasogelea.

"Wamechoka hawa," alikuwa akisema. "Ukiwarusha unawamaliza."

Nilifanya kazi chini yake kwenye nyasi za Kisongo, kisha mlimani, mpaka maradhi yalipomweka nyumbani kwake Elerai. Mwaka huo alitaka kitu kimoja tu: kuwaona tena mbwigu wakirudi kaskazini. Mbwigu ni ndege mdogo, mgongo rangi ya kutu, mdomo wenye ndoano. Kumpandisha Mzee mlimani haikuwezekana tena. Ilibaki mvua imshushie mbwigu nyumbani, na masika yakachelewa. Kila asubuhi nilipitia kwake.

"Bado?"

"Bado, Mzee. Anga safi."

Hatimaye mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi nilikanyaga matope mpaka kwake, nikamkuta mkewe, tunayemwita Mama, akianua nguo.

"Nguo zangu zimelowa zote, na wewe unachekelea!"

"Shikamoo, Mama. Tumtoe Mzee nje."

Tulimweka kwenye kiti mlangoni. Ua wa michongoma ulijaa mbwigu, manyoya wameyatutumua kwa baridi. Alitazama kwa muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa umeshamfifisha macho.

"Wameelekeza midomo wapi?"

"Kusini, Mzee."

"Wanaukabili upepo. Basi umegeuka, unatoka kusini, utawasukuma kwao kaskazini. Mvua ikikatika, usiku wanaondoka."

"Unawaona, Mzee?"

"Nawaona."

Sijui kama kweli aliwaona. Mama alimshika bega. Alifariki kabla masika hayajaisha.

Sasa nimestaafu. Mvua ya usiku ikinyesha, vijana wanaoongoza wageni hunipigia simu kuuliza wawapeleke wapi. Nawatajia Kisongo, nawatajia mashamba ya kahawa kule juu, na nawasihi wasiwarushe ndege. Ua wa Elerai sijawahi kuutaja. Huko naenda mwenyewe. Mama hunitolea kiti, tunakaa wawili mpaka ndege wakauke manyoya.