Uji wa Mama Kabla ya Kupasuliwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi za Mwingereza, mama yangu alipokuwa amelazwa hospitali ya mjini akisubiri kupasuliwa uvimbe tumboni. Sisi tulikuwa tunakaa Temeke. Kitanda tulikingoja wiki nyingi, na mama alikuwa ameshashindwa hata kuinama kufagia uwanja.

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyejua kusoma. Nilijifundisha mwenyewe kwa vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari, nikajiona mtu. Daktari alipotoa maelekezo niliyaandika, na jioni nikawasomea ndugu uani: mjomba atatoa damu, dada atabaki na nyumba, mgonjwa asile kitu tangu usiku. Daktari alikuwa amesema tumbo liwe tupu kabisa. Mimi nikafupisha, na sikumuuliza mtu kama ameelewa.

Kulipokucha nilifika wodini nikamkuta shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anafunika birika, na mama anajifuta midomo.

"Shangazi, umempa nini?"

"Uji wa mchele, mwepesi. Bakuli moja tu."

"Si nilisoma asile?"

"Na hajala! Uji tangu lini unaliwa? Uji unanywewa, we mtoto. Au wa kwenu una mifupa?"

Mama akacheka huku ameshika tumbo. Kabla sijajibu, nesi akafika na karatasi yake.

"Mgonjwa amekula chochote?"

Niliona kitanda kikipewa mtu mwingine, na sisi tukirudi kungoja upya. Nikasema, "Hajala."

Ukilipima neno hilo lenyewe, nilisema kweli. Lakini nilijua nesi anauliza nini, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Shangazi alinitazama usoni, akaelewa kwamba nimeficha jambo. Akaweka birika chini.

"Sista, hajala, lakini amekunywa uji sasa hivi. Nimempa mimi. Kama ni kosa, nigombeze mimi."

Na kweli aligombezwa, mbele ya wodi nzima, wagonjwa wakainua vichwa kutazama. Mtu mzima yule, aliyezoea kupewa shikamoo mtaa mzima, alisimama ametulia akijibu tu, "Ndiyo, mwanangu. Nimesikia." Kisha nesi akatueleza. Mgonjwa akilazwa kwa dawa ya usingizi na tumboni mna kitu, anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa hata kabla ya kuguswa na kisu. Nikakaa sakafuni.

Upasuaji ukaahirishwa siku mbili. Kitanda hakikuchukuliwa.

Jioni ile shangazi alituita uani. Hakunisema hata kidogo. Alimtaka kila mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya na asichotakiwa kufanya. Mjomba akauliza, "Na maji je?" Hakuna aliyejua. Ikabidi nirudi mjini kuuliza, nikaambiwa hata maji asipewe. Mama akapasuliwa, akapona, akaishi mpaka kuwabeba wajukuu mgongoni.

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, mwanangu, na sijaona ujasiri unaozidi ule wa shangazi. Alikubali kuonekana mjinga mbele za watu ili wifi yake asife.

Basi siku ukiwa na mgonjwa wa kupasuliwa, usiende peke yako kusikiliza daktari. Nenda na yule atakayepika. Uliza chakula, uliza kinywaji, uliza na dawa za nyumbani. Ukirudi, usiwasomee watu tu, waache wakueleze walivyoelewa. Na kama mmekosea, mwambieni nesi kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Kuahirishiwa kunauma, lakini utarudi naye nyumbani.

Mungu awaponye wagonjwa wako, mwanangu. Na siku utakayolala wewe kitandani, akuwekee pembeni mtu asiyeogopa kugombezwa kwa ajili yako.