Mkate wa Moto kwa Mama

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Kakuma. Tulipomaliza kumzika baba huko Lodwar, mama alikubali kuja kukaa kwangu. Alishuka kwenye lori na kifurushi cha nyama ya mbuzi iliyokaushwa, akaingia ndani akalala. Kwa siku kadhaa alikunywa chai tu. Nikimpa ugali, anausogeza pembeni.

Jumamosi niliamka mapema nikawasha jiko. Nilitwanga ile nyama mpaka ikalainika, nikaikaanga na vitunguu vingi, kisha nikavunja mayai juu yake. Jirani yangu, mama mjane kutoka Sudan ya Kusini aliyeoka mikate katika kambi ya wakimbizi, alikuwa ameniletea mmoja wa mviringo, bado una joto, akabaki amesimama mlangoni. Nikaupasua katikati, nikaujaza, nikaufunika na kuugandamiza kwenye kikaango kwa sufuria yenye maji hadi ukakauka nje.

Mama alinusa. "Umeweka mayai," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mayai ni ya kuku. Sisi ni watu wa mbuzi."

"Mbuzi yumo humo pia."

Akageukia ukutani. Jirani, aliyekuwa bado mlangoni, akaingia akaketi chini kando yake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Aliukata ule mkate vipande viwili, kimoja akala yeye, kingine akamwekea mama mkononi.

"Mzee yangu pia alikufa," akasema. "Mimi nilikataa chakula. Watoto wakaniangalia, wao pia wakakataa. Basi nikakula."

Mama alinitazama. Mimi pia nilikuwa nimekonda, nadhani hakuwa ameliona hilo. Akauma kidogo, akatafuna polepole, akauma tena.

"Baba yako aliapa hawezi kula samaki," akasema ghafla. "Siku moja akarudi kutoka Kalokol, kule ziwani, ananuka samaki mpaka kwenye ndevu. Nikamuuliza. Akasema alikuwa anawasaidia watu kushusha mashua."

Alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Jirani hakuelewa yote lakini alicheka naye. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kutajwa nyumbani kwangu tangu mazishi.

Mama alimaliza kipande chake, akajifuta mikono kwenye shuka.

"Nitengenezee kingine," akasema. "Hicho usiweke yai."