Sheria ya Mwalimu Osée

Osée Lisimo alifundisha jiografia miaka kumi na tisa katika shule moja ya Lubunga, ukingo wa kushoto wa mto, na hakuna aliyemdhania kuwa mtu wa siasa. Hakuwa na gari wala sauti kubwa. Mimi nilifundisha chumba cha pili, na ninachokumbuka ni kwamba wanafunzi wake walikaa kimya hata asipokuwepo.

Kilichomtoa darasani ni ajali. Baleinière moja, zile boti ndefu za mbao zenye injini, ilizama ikitoka Isangi, imejaa watu, magunia ya mahindi na mbuzi. Mwenye boti hakuwa na orodha ya abiria. Siku ya pili redio ikasema wamekufa kumi na wawili. Siku ya nne ikasema thelathini. Ndani ya boti ile alikuwemo Pélagie, mdogo wa mke wa Osée, na Osée hakungoja siku ya tano. Alichukua daftari, akapanda pirogue, mtumbwi wa kasia, akafuata ukingo kijiji kwa kijiji akiuliza kila nyumba ni nani hajarudi. Baada ya siku kumi na moja alikuwa na majina themanini na saba. La Pélagie lilikuwa la tatu.

Jumapili aliyasoma kanisani, polepole, kama alivyoita majina ya wanafunzi asubuhi. Tangu siku ile watu wakaanza kusema awe mbunge wa jimbo.

Mkewe, Germaine, hakutaka. "Osée, siasa haiko kazi ya mutu kama weye," alimwambia.

"Minataka kitu kimoja tu. Nikikipata, ntarudia shule."

Alichaguliwa kwa kura nyingi. Kasongo, mfanyabiashara mwenye baleinière tatu, alimpa pikipiki mbili za kampeni bila kuuliza kitu kimoja hicho ni nini. Alikijua siku Osée alipowasilisha pendekezo lake bungeni: kila boti iandike majina ya abiria kabla ya kuondoka, na kila abiria avae jile la kuokolea, lile koti la kuelea majini. Jioni ile ile Kasongo alifika kwake.

"Bon, Honorable. Jile mia moja ntatoa wapi? Na batu banapanda njiani, kwenye vijiji. Nani atabaandika?"

"Weye mwenye boti."

"Donc tutaonana kwenye uchaguzi," Kasongo akasema, na pikipiki zake akazichukua.

Pendekezo likapelekwa kamati, likakaa huko miaka miwili. Kila Osée alipouliza aliambiwa zamu yake inakuja. Kisha wabunge kadhaa wakaamua kumwangusha gavana, na walikuwa wamepungukiwa sahihi moja. Mwenzake aliyeitwa Mahmoudi alimfuata kwenye korido.

"Tia sahihi, Papa Osée. Wiki ijayo sheria yako itapita."

Osée hakuwa na ubaya wowote na gavana yule. Alizunguka na karatasi mfukoni siku mbili, kisha akatia sahihi. Germaine alimuuliza swali moja tu: "Ule mutu alikukosea nini?" Osée akaendelea kula.

Mahmoudi hakudanganya. Sheria ilipita siku ya Alhamisi, na gavana mpya akaitangaza. Lubunga tulichinja mbuzi. Osée alitaka kusema maneno machache, akashindwa, akakaa chini huku machozi yakimtoka, nasi tukampigia makofi.

Miezi minane baadaye alikwenda Yanonge kwenye msiba. Bandarini alikuta meza mpya, na nyuma yake kijana wa serikali aliyeitwa Désiré. Kila abiria alitoa franka elfu moja, akapewa tike yenye namba. Majile arobaini yalitundikwa ukutani. Abiria waliyavaa boti ikikaguliwa, kisha wakayavua ili yavaliwe na abiria wa boti ya nyuma.

"Majina munaandika wapi?" Osée aliuliza.

"Majina ya nini, Papa? Unalipa, unapata karatasi ya Osée, unapanda."

"Sheria inasema muandike majina."

"Basi enda kumuuliza Osée."

"Osée ni miye."

Désiré alimtazama vizuri, akasimama kwa heshima. "Oh, pardon, Honorable. Weye hutalipa."

Osée aliandika barua kwa gavana, kwa waziri wa jimbo, kwa spika. Alijibiwa barua moja, ya kumshukuru. Uchaguzi ulipofika alipata kura mia mbili na kumi na moja. Sokoni wanawake walikuwa wakimwita mutu wa karatasi. Shuleni nafasi yake ilikuwa na mwalimu mwingine.

Mwaka uliofuata boti ya pili ilizama mtoni, upande wa chini wa Yanonge. Maiti zilizopatikana zilikuwa na tike mifukoni, namba bila majina. Osée alishuka mtoni pamoja nasi. Mama mmoja mchuuzi wa nguo, Fatouma, aliyekuwa akimsubiri binti yake tangu juzi, alimjua akamsogelea.

"Mutoto yangu alilipa karatasi yako," alisema bila kupaza sauti. "Sasa uniambie kama alipanda ama hakupanda."

Osée alisimama pale mpaka mama akaondoka mwenyewe.

Baada ya hapo alijaribu kuifuta sheria yake. Alikwenda kwa mbunge mpya wa Lubunga, Madame Tania, aliyempokea vizuri na kumpa kiti.

"Papa Osée, kuiondoa sheria kunaomba sheria ingine. Andika pendekezo, mi nitalipeleka."

Aliandika kurasa sita, safi. Zikapelekwa kamati. Alivuka mto kila Jumatatu kuuliza bungeni, mwaka mzima, mpaka karani akaanza kutikisa kichwa akimwona mlangoni. Jumatatu moja hakwenda tena.

Sasa wanaishi Banalia kwa kaka yake Germaine, wanalima mpunga. Nilimtembelea mwezi wa kwanza. Amekonda. Germaine alituletea sombe, majani ya muhogo, na samaki, tukazungumza juu ya mvua, juu ya barabara iliyokatika. Nilitaka kumwambia kwamba Madame Tania naye hakurudi bungeni. Nikaona hakuna haja. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akauliza kama bado ninafundisha.

"Bado," nikasema.

"Bon," akasema, akageuka kurudi shambani.