Gari Si Mbaya

Mtoto wa marehemu mdogo wangu ana sauti ya baba yake. Sisemi inafanana. Nasema ni yenyewe, ila imetiwa kwenye koo la msichana wa miaka kumi na tisa. Akinipigia simu hukaa kitako kwanza ndipo nikapokea.

Asubuhi ile simu yake ilinikuta dukani kwangu Mlandege, ambako nauza vipuri vya magari tangu mgongo uliponikatalia ufundi. Shikamoo ami, marahaba, akanambia mama yake amekubali anunuliwe gari, kidogo tu, cha kumtoa kwao Chukwani kwenda chuoni Tunguu na kumrudisha.

"Na mama kasema ukachague wewe."

"Kasema nani?"

"Mama. Kasema wewe, si mwengine."

Gari ya mwisho niliyomchagulia mtu wa nyumba ile ilikuwa ya baba yake, na ndiyo iliyomuua.

Sitaki kuzunguka, nshazunguka miaka kumi na sita inatosha. Mdogo wangu aliipenda gari ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa heshima zake, ndiye aliyemuosha baba yetu alipofariki. Mimi nilikuwa fundi, na mdogo wangu alikuwa hajui hata maji ya betri yanatiwa wapi, basi akanichukua nikaikague. Nikaingia chini. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, na bomba la breki, lile jembamba linalopeleka mafuta magurudumu ya nyuma, limechubuka lote. Nikaligusa kwa kidole, kidole kikarudi chekundu. Kutoka kule chini nilikuwa naona miguu tu: makubadhi ya mdogo wangu, na pembeni yake miguu mikavu ya yule mzee ndani ya ndara. Mdogo wangu akagonga bati juu mara mbili.

"Ehe, kaka, unasemaje?"

Huku kwetu tuna maradhi yanaitwa muhali. La kusema unalijua, na mdomo unao, lakini unauangalia uso wa mwenzako, unakumbuka alivyokutendea, unaona haya. Mtu wa Unguja yuko radhi ameze mwiba kuliko kumvunja mtu uso mbele ya watu. Sasa nambie wewe: mtu aliyemuosha baba yako kwa mikono yake, utatoka vipi chini ya gari yake umwambie, mzee, gari yako imeoza? Nikasema moyoni, nitamwambia mdogo wangu tukifika nyumbani. Nikatoka, nikajipangusa, nikasema: "Gari si mbaya."

Kabla sijamaliza kujipangusa walikuwa washapeana mikono. Basi nikajiambia, nitalibadilisha lile bomba mwenyewe wiki ijayo. Wiki ijayo nikawa na kazi. Iliyofuata nikawa na uvivu. Ya tatu breki zikamkimbia kwenye mteremko njia ya kaskazini, wala si mteremko wa kutajwa, akaingia kwenye mnazi. Alikuwa peke yake. Mtoto alikuwa aende naye, wa miaka mitatu wakati huo, lakini aliamka na homa, mama yake akamzuia. Watu wakasema ni kudra ya Mungu. Na mimi nikasema kudra, tena kwa sauti kuwashinda wote. Nililoliona chini ya ile gari sikumwambia mtu.

Sasa ndiyo nambiwa nikachague tena. Ningekataa, ningeambiwa kwa nini?

Jumamosi tukaanzia Mwanakwerekwe, kwenye uwanja mmoja wanaouza magari yaliyotoka Japani. Nilikuja na tochi, bisibisi na sumaku. Mtoto akanitazama mikononi.

"Ami, tunakwenda kununua gari au kuiba?"

"Nyamaza ujifunze. Sumaku hushika chuma. Ikianguka, hapo hapana chuma, wamesiliba puti ya kuzibia matundu wakapaka rangi juu."

Muuzaji alikuwa kijana wa shati la kubana. Akatwambia gari ile ilikuwa ya bibi mmoja wa Kijapani, akiendea sokoni tu. Nikamuuliza, mabibi wa Japani hawana kazi nyengine ila sokoni? Nikabandika sumaku mlangoni, ikaanguka. Nikaibandika ubavuni, ikaanguka.

"Hii gari au andazi?" nikamwambia, na watu wakageuka. "Nje rangi nzuri, ndani hewa tupu! Hebu tuoneshe ya watu."

Mtoto alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa mtandio. Mimi kwa nisiyemjua ulimi wangu wembe, na siku ile niliuringia. Nikajisemea, kumbe naweza, nilikuwa najitesa bure.

Lakini gari aliyokuwa akiitaka mtoto haikuwa pale. Ilikuwa ya mwalimu wake wa madrasa, bibi mmoja wa Mji Mkongwe, macho yamempungua na udereva kauacha. Baba yake mtoto alipokufa, yule mwalimu ndiye aliyekuwa akimfuata mtoto nyumbani kumsomesha msahafu, mwaka mzima, wala hakutaka hata nauli. Nilipojua tunakokwenda nikamuuliza kama hakuna nyengine.

Gari ilikuwa nyeupe, safi, inang'ara. Ila vichochoro vya kwao havipitishi gari, kwa hiyo miaka yote ilikuwa ikilala upande wa Malindi, pembeni mwa bahari, chumvi inairukia asubuhi na jioni. Mwalimu alitungojea pale pale na baibui lake, akamkumbatia mwanafunzi wake na kumkabidhi ufunguo.

"Wako wengi wanaoitaka," akasema, "lakini mimi nia yangu aipate mwanangu huyu."

Sumaku mlangoni ikashika. Huku chini ya milango ikateleza. Nikatandika gazeti, nikaingia. Chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya, imewiva kama kiatu cha Idd, na gari ya umri ule haipakwi rangi tumboni bila ya sababu. Nikasukuma bisibisi kwenye chuma, ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nikalikwaruza bomba la breki. Nikakiangalia kidole changu. Chekundu.

Mbele yangu palikuwa na miguu. Soksi nyeusi za mwalimu, na raba za mtoto zenye kamba nyeupe. Mara bati likagongwa juu, mara mbili.

"Ehe, ami, unasemaje?"

Wallahi hakuna aliyemfundisha. Baba yake alimwacha hajui hata kufunga viatu. Nilibaki kule chini, mtu mzima nina wajukuu, nalia bila ya kutoa sauti huku oili inanidondokea shingoni. Niliogopa kutoka. Niliogopa nikitoka nitayakuta yale makubadhi.

Nilipotoka mwalimu alikuwa amenishikia gilasi ya maji ya ukwaju.

"Pole baba, umechafuka kwa ajili yetu. Haya, iko salama?"

Nikaipokea ile gilasi. Nikamtazama yule bibi, nikafungua mdomo.

"Gari si mbaya," nikasema.

Nilijisikia mwenyewe nikisema. Lahaula! Maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya kujipangusa. Mtoto alinitazama, hakunitazama sana. Akamrudishia mwalimu ufunguo kwa mikono miwili, akambusu mkono, akasema tutamjibu, inshaallah.

Tukaingia kwenye gari yangu kurudi Chukwani. Tukapita Mnazi Mmoja. Yeye anaangalia dirishani, mimi natunga maneno nayavunja. Nilijua nikimfikisha kwao sijasema, nshamzika. Nikaegesha pembeni.

"Mwanangu, ile gari usiinunue."

"Siinunui."

"Imeoza chini. Breki zake..."

"Nnajua, ami."

"Umejuaje, na hukuingia chini?"

"Umesema si mbaya."

Sikufahamu. Akageuka, akanieleza taratibu, kama anayemwambia mgonjwa. "Mama alinambia jana. Alisema, nenda na ami yako, hapana anayejua magari kumshinda. Gari ikiwa nzima atakutajia ila zake zote mpaka uchoke. Akisema si mbaya, rudisha ufunguo."

Nikazima gari. "Mama yako anajua tokea lini?"

"Tokea siku ile ile. Baba alirudi akamwambia: kaka kasema si mbaya, lakini hakunitazama."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilidhani mdogo wangu alikufa hajui kitu, na hilo nilikuwa nikijipozea. Kumbe aliona. Aliona, akalinunua neno langu hivyo hivyo, kwa kuwa mimi kaka yake. Na shemeji yangu, Idd kwa Idd, ananipakulia pilau, paja la kuku ananiwekea mimi, ananiuliza mgongo unaendeleaje, na anajua.

"Mbona hakunambia?" nikasema. "Miaka kumi na sita! Si angenitukana tu?"

"Aliona muhali, ami."

Nililia pale, sasa kwa sauti, na daladala zinapita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sikuwahi kudhani nitaumbuliwa na mtoto mwenyewe aliyeachwa yatima. Akaningoja nimalize. Akanipa mtandio wake nijifutie, nikaukataa kwa sababu ya oili, akaniwekea mapajani kwa nguvu.

"Haya, sasa geuza," akasema.

"Twende wapi?"

"Kwa mwalimu. Kesho atakuja mwengine na mtoto wake, aambiwe fundi kasema si mbaya. Yule hatokuwa na mama wa kumwambia si mbaya maana yake nini."

Nikageuza. Naapa kwamba safari ile ya dakika chache ilikuwa ndefu kuliko ya kumpeleka mdogo wangu kaburini. Mwalimu tulimkuta kwake, kwenye baraza ya nje.

"Mmesahau kitu?"

"Naam, mwalimu. Nimesahau mimi." Nikamtazama usoni, na kumtazama ndiko kulikokuwa kazi. "Gari yako imeoza chini. Bomba la breki halina siku. Aliyekupakia ile rangi kakufichia maradhi. Usimuuzie mtu, na mtu asiipande."

Niliuona uso ukivunjika. Ndio ule niliouogopa maisha yangu yote, na ulivunjika kweli, sisemi uongo. Akashika ukuta. Akasema fundi wake alimwambia ni nzima. Kisha akaniuliza, si kwa ukali:

"Na wewe baba, mbona umenambia si mbaya?"

Mtoto akakaa karibu yake, akamshika mkono. Hatukukaribishwa chai siku hiyo.

Gari mtoto alikuja kuipata wiki mbili baadaye, Mwanakwerekwe, kwa yule yule kijana wa shati la kubana. Niliitajia ila zake kumi na moja, kijana akaapa hatoniuzia tena mpaka kufa, na mtoto akaziba masikio. "Basi ami, nshafahamu, ni nzima!" Sasa hunipitia dukani, hupiga honi mara mbili, na kila ikipigwa moyo wangu hushtuka kwanza ndipo ukatua. Kwa mama yake nimekwenda mara moja tangu hapo. Aliniona tu mlangoni, akanambia kaa, kisha akaingia jikoni akachelewa kutoka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na sahani ya chakula mkononi.

Kinachonitafuna ni kitu kidogo. Yale niliyomwambia mwalimu pale barazani, pamoja na salamu zake, hayakufika dakika mbili. Na mdogo wangu siku ile alikuwa hana haraka. Alikuwa amesimama pale na makubadhi yake, ananingoja.