Jina Kwenye Karatasi ya Cherehani

Mafuta ya cherehani yana harufu nyepesi, kama chuma kilichonyeshewa mvua. Nikiisikia, hata leo, narudi kuwa msichana wa miaka minane, nimekaa chini ya meza ya mama kule mtaani Nyakabanda, natazama miguu yake ikikanyaga, chini juu, chini juu.

Baba alifariki kwa homa mwaka wa tisini na moja. Mama alikulia Bujumbura. Hapa Kigali hakuwa na kaka wala shangazi wa kukaa upande wake. Alikuwa na mimi, mtoto wa kike, na ile cherehani aliyoipata baada ya miaka ya kushona kwa mkono. Ndiyo iliyotulisha. Hakujua kusoma, hivyo kila jioni nilimsomea chochote, hata maandishi ya mfuko wa sukari.

Matanga yalipoisha, baba mdogo alikuja kutoka Gahanga na wanaume wawili. Akanywa bia ya ndizi taratibu, akafuta midomo.

"Shemeji, mashine ya kaka iko ya ukoo."

"Nimeinunua mwenyewe."

"Mwanamke ananunua mashine! Haya, karatasi iko wapi?"

Mimi nilijua ilipo: ndani ya Biblia. Na niwaambie ukweli, tangu msiba nilitamani sana mtu anitazame. Nikaikimbilia, nikasimama katikati ya chumba, nikasoma kwa sauti ya shuleni. Nilipofika kwenye jina la mnunuzi nililisoma mara mbili, kwa fahari. Lilikuwa jina la baba.

Baba mdogo akanipigapiga begani. "Huyu anawashinda madume wangu wote!"

Wakaibeba cherehani kabla jua halijazama. Mama alibaki kitini pake, miguu yake ikikanyaga sakafu tupu.

"Mama, nilikosea kusoma?"

"Umesoma vizuri, mwanangu."

Nilikuwa mtu mzima aliponieleza kwamba siku aliyoinunua cherehani, muuzaji dukani alimuuliza jina la mume, kama walivyoulizwa wanawake wote, naye akalitaja bila kuwaza, akiwa na haraka ya kwenda kushona.

Hakunigombeza hata mara moja. Ila tangu jioni ile hakuniomba tena nimsomee kitu. Barua zikija, alizipeleka kwa jirani amsomee, nami nilimsubiri mlangoni.